Mikwaruzo kwenye Bapa la Kisu cha Mfukoni: Ipi Iondolewe na Ipi Iachwe

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza:

(a) kutofautisha mkwaruzo, doa na kutu kwenye bapa la kisu;
(b) kuamua kama mkwaruzo unafaa kuondolewa au kuachwa;
(c) kuondoa mikwaruzo ya juu juu kwa mkono, bila kuharibu kisu na bila kujiumiza;
(d) kupatana na fundi, au kununua kisu kingine, pasipo kupunjwa.

1. Utangulizi

Ndugu mlaji, msafiri anayetoka Chalinze kwenda Moshi au Tanga hupita Mkata, Kabuku na Michungwani, katika Wilaya ya Handeni, kabla ya kufika njiapanda ya Segera. Akishika njia ya Moshi, mji mkubwa unaofuata ni Korogwe. Msimu wa machungwa unapowadia, kando ya barabara hiyo hupangwa matenga ya matunda. Muuzaji humenya chungwa mbele ya macho ya mnunuzi, hulikata kichwa na kulikabidhi kupitia dirisha la basi. Kazi yote hiyo hufanywa kwa kisu kidogo, mara nyingi kisu cha kukunja ambacho jioni hurudi mfukoni.

Tuchukue mfano wa mama mmoja anayeuza machungwa. Kisu chake ni kizima na kinakata vizuri, lakini bapa limejaa mistari na ukungu. Abiria anakitazama, anasita, kisha anamwuliza kama kisu hicho ni kisafi. Mama anaona aibu, na anaona pia kwamba biashara imeanza kuponyoka. Usiku anafikiri njia tatu: kukisugua kwa mchanga mpaka king'ae, kukipeleka kwa fundi mwenye mashine, au kutoa faida ya siku kadhaa anunue kingine.

Somo hili limeandikwa kwa ajili yake na kwa ajili ya kila anayetegemea kisu kidogo: mfugaji aendaye mnadani, mkulima anayekata kamba za katani shambani, fundi umeme, na mtu wa nyumbani. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Sisi tunaongeza kwamba mwenye kisu hicho yampasa pia ajue namna ya kukitunza.

2. Jambo la msingi: mkwaruzo haufutiki

Watu husema "kufuta mkwaruzo" kana kwamba ni wino juu ya karatasi. Sivyo. Mkwaruzo ni mfereji mdogo: chuma kilichokuwa pale kimekwisha kuondoka, na hakuna dawa wala mafuta yanayoweza kukirudisha. Njia pekee ya kuufanya usionekane ni kupunguza chuma kilichouzunguka mpaka uso wote ulingane na sakafu ya mfereji ule.

Kwa hiyo, kila unapoondoa mkwaruzo unapunguza unene wa kisu. Mkwaruzo ukiwa wa juu juu, chuma kinachoondoka ni kidogo mno na hakina madhara. Ukiwa na kina, chuma kinachoondoka ni kingi, bapa huwa jembamba, na umri wa kisu hufupishwa kwa ajili ya sura tu. Ndiyo maana swali la kwanza la mlaji liwe "niuondoe au niuache?" na swali la namna ya kuuondoa lifuate baadaye.

3. Tambua kilichopo kwenye bapa

Kabla ya kushika chombo chochote, osha kisu kwa sabuni na maji, kikaushe kwa kitambaa, kisha kitazame kwenye mwanga wa jua ukikigeuza polepole. Utaona mojawapo ya mambo haya, au yote pamoja.

Doa. Maji ya machungwa na ndimu yana asidi, na asidi hubadili rangi ya chuma cha pua cha kawaida ikawa ya kijivu au nyeusi. Doa halina mfereji. Ukipitisha ukucha juu yake, ukucha huteleza. Doa la namna hii si uchafu, na kisu kilichooshwa vizuri kinafaa kutumika hata kama doa limebaki.

Kutu. Huwa ya rangi ya kahawia au nyekundu, na huacha alama kwenye kitambaa cheupe. Kutu iliyokaa muda mrefu hula chuma na kuacha vishimo. Kutu ya juu hutoka kwa kusuguliwa, lakini vishimo havitoki isipokuwa kwa kupunguza chuma kingi.

Mkwaruzo wa juu juu. Huonekana kwenye mwanga, lakini ukipitisha ukucha kwa kuukata mstari, ukucha haukwami. Huu ndio unaoondolewa nyumbani.

Mkwaruzo wenye kina. Ukucha hukwama. Ushauri wetu ni kuuacha. Hauzuii kisu kukata. Kinachotakiwa ni kuuosha vizuri ili mabaki ya chakula yasikae ndani yake.

Pengo. Makali yakiwa yamemeguka, tatizo hilo ni la kunoa, wala haliondolewi kwa kung'arisha bapa.

4. Mikwaruzo hutoka wapi?

Asiyejua chanzo ataondoa mikwaruzo leo na kuikuta tena wiki ijayo. Chanzo kikubwa majumbani ni kuosha kisu kwa mchanga, kama tunavyosugua masizi ya sufuria. Chembe za mchanga zina ugumu wa kutosha kukwaruza chuma cha kisu, na kila msuguo huandika mstari mpya. Hivyo basi, njia ya kwanza aliyoifikiria yule mama ndiyo iliyomletea tatizo.

Chanzo cha pili ni uwazi wa mpini ambamo bapa hujificha kisu kinapokunjwa. Vumbi na mchanga wa mfukoni huingia humo, na kila unapofungua na kufunga, bapa husuguliwa pande zote mbili. Safisha uwazi huo kwa mswaki wa zamani mara kwa mara. Chanzo cha tatu ni kukiweka kisu mfuko mmoja na sarafu, funguo au misumari kikiwa wazi, na cha nne ni kunoa kwa kulaza bapa lote juu ya jiwe la barabarani.

5. Visu ambavyo havipaswi kuguswa

Baadhi ya visu vina bapa lililopakwa rangi nyeusi au ya namna nyingine, na vingine vimepakwa utando mwembamba wa chuma king'aavyo juu ya chuma duni. Ukivisugua kwa msasa, utando hutoka na chuma cha ndani hubaki wazi kwa kutu. Dalili ya utando ni rangi tofauti inayochungulia kwenye mikwaruzo ya zamani au mahali makali yaliponolewa. Kisu cha namna hiyo kioshe, kikaushe, kipake mafuta kidogo, na uridhike nacho kilivyo.

Aidha, ikiwa bapa lina maandishi au nakshi iliyochorwa juu juu, fahamu kwamba msasa utafuta maandishi pamoja na mikwaruzo.

6. Vifaa

Vifaa vinavyohitajika ni vichache:

- msasa wa maji wa namba 600, 800, 1000, 1500 na 2000;
- kipande kidogo cha mbao iliyonyooka au mpira mgumu, cha kuviringishia msasa;
- ubao wa kulazia kisu na utepe wa gundi;
- sabuni, maji safi, na vitambaa viwili au vitatu;
- dawa ya meno ya kawaida, isiyo ya jeli;
- mafuta ya kula, matone machache.

Msasa wa maji hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na ya rangi za magari, na namba yake huandikwa nyuma ya karatasi. Kumbuka kanuni hii: namba ikiwa kubwa, msasa ni laini, namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali. Neno msasa lenyewe ni jina la mti ambao majani yake yana ukwaru, nao mafundi wa zamani waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi za dukani hazijafika. Kazi ni ile ile: kupunguza kidogo kidogo.

7. Hatua za kazi

Hatua ya kwanza: usalama. Fanya kazi mezani au sakafuni, mbali na watoto, wala usiweke kisu kwenye goti au kiganja. Fungua kisu na uhakikishe hakijifungi chenyewe. Bandika utepe wa gundi kwenye makali yote, mara mbili, ili kidole kikiteleza kisikatwe na msasa usiyafanye makali kuwa butu. Laza bapa juu ya ubao na kubana mpini usicheze.

Hatua ya pili: anza na kilicho laini kabisa. Paka dawa ya meno kwenye kitambaa chenye unyevu na usugue bapa kwa dakika chache. Dawa ya meno ina chembe laini sana zinazosugua, nayo hutosha kuondoa madoa mengi na mikwaruzo myepesi. Osha, kausha, tazama. Ukiridhika, ishie hapo. Usiendelee kwa sababu tu umekwisha kununua msasa.

Hatua ya tatu: jaribu mahali padogo. Loweka kipande cha msasa namba 1000, kizungushie kipande cha mbao, na usugue sehemu ndogo karibu na mpini. Utando ukianza kutoka au rangi ikibadilika, acha mara moja.

Hatua ya nne: sugua kwa mwelekeo mmoja. Visu vingi vina mistari midogo sana iliyoachwa na kiwanda; itazame inaelekea wapi, uifuate. Peleka msasa kwa mkono mwepesi, ukiulaza sawasawa juu ya bapa. Usisugue kwa kuzungusha, kwani mizunguko huacha alama zinazoonekana kila upande. Usikazanie mahali penye mkwaruzo pekee, maana utachimba bonde. Sugua bapa lote kwa usawa. Maji yawe kidogo, yasiingie kwenye kiungo cha mpini.

Hatua ya tano: shuka ikibidi, kisha panda. Ikiwa namba 1000 haibadilishi kitu baada ya dakika kadhaa, shuka hadi 800, na ikibidi kabisa 600. Ikiwa hata 600 haitoshi, mkwaruzo huo ni wa kuachwa. Namba yoyote utakayoanzia, panda hatua kwa hatua: 600, 800, 1000, 1500, 2000. Kazi ya kila namba ni kuondoa mistari iliyoachwa na namba iliyotangulia. Usipande kabla mistari hiyo haijatoweka. Anayeruka kutoka 600 hadi 2000 atang'arisha vilele vya mistari na kuacha mifereji yake.

Hatua ya sita: osha kati ya namba na namba. Chembe moja ya msasa mkali ikibaki kwenye kitambaa huweza kuharibu kazi yote. Badilisha maji, osha bapa na tumia kitambaa kingine.

Hatua ya saba: maliza. Ondoa utepe kwa kuuvuta kutoka upande wa mgongo wa kisu kuelekea nje, mbali na vidole. Osha kisu kwa sabuni na maji ya kutosha, kikaushe kabisa, kisha pitisha tone la mafuta ya kula kwenye bapa na jingine kwenye kiungo, ukifuta yaliyozidi ili yasigande na kunata. Chuma kilichotoka kusuguliwa hushika kutu upesi kikiachwa na unyevu.

Tahadhari kwa wauza vyakula: dawa za kung'arishia chuma zinazouzwa madukani hazikutengenezwa kuliwa. Kwa kisu cha matunda au nyama, tunashauri msizitumie. Dawa ya meno na msasa laini vinatosha, nacho kisu kioshwe vizuri kabla ya kurudi kazini.

8. Mashine na hatari ya joto

Njia ya pili aliyoifikiria mama yetu ilikuwa fundi mwenye mashine. Mashine izungukayo kwa kasi hung'arisha kwa dakika moja, lakini huzalisha joto, na joto ndilo adui wa kisu.

Chuma cha kisu hupewa ugumu wake kiwandani kwa kupashwa moto sana, kupozwa ghafla, kisha kupashwa tena kwa joto dogo lililopimwa. Kikipata joto la kupita kiasi baadaye, ugumu huo hupungua. Bapa lenyewe hutoa ushahidi kwa rangi: chuma cha pua cha kawaida hugeuka manjano ya majani makavu kwenye nyuzi joto kama 200 hadi 230 za Selsiasi, kisha hudhurungi, zambarau, na kufikia buluu karibu nyuzi 300. Sehemu iliyogeuka buluu imelegea. Itanolewa asubuhi na kuwa butu kabla ya adhuhuri. Fundi anaweza kuisugua rangi hiyo ikatoweka, lakini ugumu uliopotea hauwezi kurudishwa kwa kusugua.

Hatusemi mafundi wote ni wabaya. Mnoa visu wa baiskeli ambaye huchovya bapa kwenye maji kila mara, na hukigusa kisu kwa kidole kuona kama kimepata moto, anaijua kazi yake. Kabla ya kumkabidhi fundi yeyote kisu chako, mwulize:

(a) Utatumia mkono au mashine? Utakipoza kwa nini?
(b) Je, utagusa bapa tu au na makali pia?
(c) Bei ni kiasi gani, na inajumuisha nini?
(d) Kisu kikiharibika mikononi mwako, tutafanyaje?

Jibu la swali la mwisho lipatikane kabla ya kazi kuanza, kwani baada ya kisu kuharibika kila mtu huwa na kumbukumbu yake. Wakati wa kukipokea, kitazame kwenye jua mbele ya fundi: makali yamenyooka? Hakuna buluu wala zambarau? Kinafunguka na kufunga kama awali? Lipa ukisharidhika.

9. Ukiamua kununua kingine

Njia ya tatu ilikuwa kununua. Fanya hesabu nyepesi: ikiwa gharama ya matengenezo inakaribia nusu ya bei ya kisu kipya cha ubora ule ule, kununua kunaweza kuwa na maana zaidi. Hata hivyo, kisu chenye mikwaruzo ya sura tu, ambacho kinakata vizuri na kiungo chake hakichezi, ni bora kuliko kipya kilicho duni.

Sokoni au mnadani, angalia mambo matatu.

Kwanza, kisu cha zamani kilichosuguliwa na kuuzwa kama kipya. Dalili zake ni herufi zilizofifia kwenye bapa, mistari ya msasa kuzunguka kiungo, bapa lisilo na unene sawa, na kiungo kilicholegea. Kuuza kisu kilichotumika si kosa. Kosa ni kumwambia mnunuzi kwamba ni kipya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara.

Pili, maneno "hakishiki kutu kamwe". Chuma kinachostahimili kutu huwa na kromiamu isiyopungua takriban asilimia 10.5, ambayo hujenga utando mwembamba wa kukilinda. Utando huo hupunguza kutu, lakini hauiondolei chuma uwezekano wa kushika kutu, hasa kikiachwa na chumvi au maji ya matunda usiku kucha.

Tatu, kipimo cha sumaku. Wauzaji wengine, na hata wanunuzi, huamini kwamba chuma kisichoshika kutu hakivutwi na sumaku. Kwa visu imani hiyo si sahihi: aina nyingi za chuma kinachostahimili kutu zinazotumika kutengenezea visu huvutwa na sumaku. Usikatae kisu kizuri wala usikubali kibaya kwa sababu ya sumaku pekee.

Dai risiti, hata kwa kitu kidogo. Ukigundua umedanganywa, mrudie muuzaji kwanza ukiwa na risiti na kisu chenyewe, kabla hujakisugua au kukinoa, ili ushahidi usipotee. Msipoelewana, peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani, na kwa masuala ya ubora wa bidhaa, Shirika la Viwango Tanzania.

10. Hitimisho

Turudi kwa mama yetu wa machungwa. Akikitazama kisu chake kwenye jua na kupitisha ukucha, huenda akagundua kwamba ukungu ule ni madoa ya machungwa na mikwaruzo ya mchanga ambayo ukucha haukwami. Dawa ya meno, karatasi chache za msasa na muda wa jioni moja vitatosha. Mstari mmoja au miwili yenye kina atauacha. Kesho abiria akiuliza, atakiosha kisu mbele yake, atakifuta kwa kitambaa safi, na kulimenya chungwa.

Alama chache kwenye kisu kinachofanya kazi si aibu. Hasara ni kukila kisu kwa kukisugua kupita kiasi, na kulipia sura huku ukipoteza makali.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini tunasema mkwaruzo hauondolewi bila kupunguza unene wa kisu?
2. Eleza kipimo cha ukucha na uamuzi unaotokana nacho.
3. Kati ya msasa namba 800 na namba 1500, upi ni laini zaidi? Upi utangulie?
4. Umekipokea kisu kutoka kwa fundi, nacho kina rangi ya buluu karibu na ncha. Rangi hiyo inakueleza nini, nawe utafanya nini kabla ya kulipa?
5. Chukua kisu kimoja cha nyumbani kwako. Tambua madoa, kutu na mikwaruzo iliyopo, kisha amua ipi utaiondoa na ipi utaiacha.